Hema la Kijani na Ugali Usio na Mboga

Kabla sijaeleza namna nilivyomwandalia matanga mume wa shangazi yangu akiwa hai, mzima, tena ameketi chumbani akisoma gazeti, sina budi kuweka wazi hali ilivyokuwa, kwa maana bila hali hiyo mtaniona mpumbavu kuliko nilivyokuwa (na kiasi nilichokuwa nacho kilitosha).

Nilikuwa nikisomea uzamili katika masoko na tabia za wanunuzi, na swali langu la utafiti lilikuwa dogo na la heshima: je, mkaazi wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya jiji letu, anapokula ugali, ulimi wake hutambua kweli tofauti kati ya unga wa pakiti unaouzwa dukani na unga wa kusiaga, yaani mahindi ya gunia yaliyopitishwa kwenye mashine ya mtaani, au huonja tu jina lililochapishwa kwenye pakiti? Watu wote huapa kwamba hutambua. Familia zilizotoka magharibi mwa nchi, kama yetu, huapa kwa sauti ya juu zaidi. Mimi nilitaka kuona.

Jaribio langu la kwanza nililifanyia Komarock, uani mwa ploti ninamokaa, na likaharibika kwa sababu mama mmoja alimeza tonge, akatangaza, “Hii ni ya kusiaga, mimi siwezi danganywa,” na wote waliomfuata wakaandika neno hilo hilo bila aibu. Msimamizi wangu, profesa mpole anayeishi Donholm, alinirudishia madodoso yote. “Simiyu,” akasema, “hapa hukupima ulimi, umepima uvumi. Rudia. Jumamosi nitakuja mwenyewe kushuhudia. Kamati inakaa Jumatatu, na usipowasilisha siku hiyo utangoja mwaka mwingine.” Mwaka mwingine sikuwa nao. Shule ninayofundisha ilikuwa imenipa ruhusa ya masomo hadi mwisho wa muhula huo, na mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kunieleza kwamba baada ya hapo nichague chaki au vitabu.

Kwa hiyo niliamua kwamba safari hii hakuna uvumi utakaopenya. Washiriki wangekaa kwa safu, wakitazama mbele, kimya kabisa. Ugali ungeliwa mkavu, kwa sababu mboga ingefunika ladha. Na hakuna mtu, hata mpishi, ambaye angeruhusiwa kueleza lengo la shughuli kabla haijaisha. Kanuni hizi ni nzuri, zinafundishwa kila mahali panapofundishwa utafiti, na hadi leo sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na mtu aliyezipeleka Makongeni.

Makongeni ndiko anakokaa Shangazi Nekesa, dada ya baba yangu, pamoja na mumewe, Mzee Barasa, aliyestaafu kazi ya reli. Mbele ya mlango wao pana uwanja mdogo uliofaa sana. Shangazi alikubali kupika. Mzee Barasa naye alikubali mno. “Mimi hata unifunge macho na kitambaa,” akaniambia, “hata unizibe hii pua, unga ya kusiaga nitaijua ikiwa bado kwa mwiko!” Nilipomsikia hivyo nikajua huyu ndiye hatari yangu kubwa kuliko zote, kwa kuwa sauti yake hufika mpaka Jogoo Road, nikamsihi siku hiyo akae chumbani, asitoke, asichungulie, mpaka nimwite. Alinuna kidogo, lakini gazeti na ahadi ya sahani yake mwenyewe vikamtuliza.

Likabaki jua. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniponza. Nilikumbuka kwamba kanisa la shangazi lina hema la kijani lenye kiraka mgongoni, nikamwendea Mama Ayuma, mwenyekiti wa akina mama, kuliomba pamoja na viti.

“Tenti? Kwa nyumba ya Nekesa?” Akanitazama. “Kwani kuna nini, mwanangu?”

“Samahani, mama,” nikajibu kwa upole wote wa taaluma, “kwa sasa siruhusiwi kusema.”

Akanishika bega, akasema, “Basi. Sisi tutakuja.” Nami (Mungu anisamehe) nikamwambia, “Karibuni sana, mkiwa wengi ndiyo vizuri.”

Jumamosi asubuhi wanaume wawili wa kanisa walilisimamisha hema, na walipomaliza wakavua kofia zao wakasimama kidogo wakiutazama mlango. Niliona ni adabu. Nilikuwa nimevaa suti nyeusi, ambayo ndiyo suti yangu, kwa sababu Profesa angekuja. Shangazi alikuwa kando akisonga sufuria mbili kubwa, moja ya kila unga. Majirani niliowaalika mmoja mmoja walifika, wakaketi kwa safu wakiuelekea mlango wa nyumba, mikono magotini, na kwa vile nilikuwa nimewasihi wasizungumze, hawakuzungumza. Nilisimama mbele yao nikafurahi. Sijawahi kuona mazingira ya utafiti yaliyodhibitiwa vizuri namna ile.

Akapita mama anayeuza mandazi. Akasimama. Akalitazama hema, safu zile, suti yangu.

“Ni nani?” akauliza.

Nikaweka kidole midomoni.

“Woi!” Akatua beseni lake chini. “Nekesa! Mzee yuko wapi?”

Shangazi, ambaye ni mwaminifu kuliko ninavyostahili, alijibu bila kuacha mwiko, “Yuko ndani. Simiyu amesema nisiongee mpaka amalize.”

“Pole, Nekesa. Pole sana, dada yangu.”

“Asante,” akasema shangazi, akidhani anahurumiwa kwa kusonga sufuria mbili juani. “Nimeshazoea.”

Yule mama akaondoka mbio, beseni akaliacha. Haukupita muda watu wakaanza kuingia kutoka kila upande, taratibu, wakinishika mkono kwa mikono yao miwili, na mimi, badala ya kujiuliza kwa nini wananishika hivyo, nilikuwa nikishangilia moyoni kwamba sampuli inaongezeka yenyewe. Kisha ngoma ikasikika, na Mama Ayuma akatokea na akina mama wa kanisa, wote kwa sare, wakiimba chini kwa chini. Wakaketi. Nikawagawia kila mmoja sahani mbili, moja yenye alama ya A na nyingine ya B.

Walizitazama sahani zile kwa muda mrefu.

“Hakuna mboga,” mmoja akanong’ona.

“Hata sukuma?”

“Hata chumvi.”

“Ni gharama ya hospitali imewamaliza. Nyinyi hamkuwa mnajua? ”

“Mimi hata sikujua anaugua.”

“Na jana nilimwona akinunua ndizi, akanitania!”

“Ndiyo hivyo. Mtu ni leo tu.”

Hapo ndipo nilipoelewa. Ninataka kuwa mkweli katika hili, kwa kuwa ndilo linaloniumiza: nilielewa mapema, na bado sikusema. Nilijiambia kwamba nikieleza sasa, wale ambao hawajaonja watajua lengo, data itachafuka, Profesa yuko njiani, na Jumatatu ni keshokutwa. Heri nimalize safu zilizobaki kwanza, kisha niwafufulie mzee wao. Nikaendelea kupita kati ya viti na madodoso yangu, nikiinama kwa kila mmoja na kuuliza kwa sauti ya chini, “Mama, ni sahani gani uliyoiona laini zaidi?”

“Zote ni sawa, mwanangu,” wakanijibu, wakinipapasa bega. “Mungu ndiye anajua.”

Mama Ayuma naye hakukaa bure. Alinyanyuka, akawatuma wenzake majumbani, na punde si punde zikaingia sufuria za kabeji, dagaa wa omena na kunde, zikifuka moshi. Nilimkimbilia.

“Tafadhali, mama, mboga hairuhusiwi!”

“Simiyu,” akasema, akinisukuma kando kwa kiwiko, “huzuni isikutoe adabu. Watu watakula.”

Akachota kutoka A, akachota kutoka B, akaviweka pamoja, akamwagia mchuzi wa omena juu. Nilitazama utafiti wangu ukizama.

Wakati huo huo Profesa akafika. Alisimama penye kamba za hema, akavua miwani, akaivaa tena, kisha akanijia na kunishika mkono kwa mikono yake miwili kama wengine.

“Simiyu, kwa nini hukunipigia simu? Familia kwanza. Utafiti utangoja. Nitazungumza na kamati mimi mwenyewe, nafasi yako haitapotea.”

Nafasi yangu haitapotea! Nilichotakiwa kufanya ni kuinamisha kichwa tu. Nakiri kwamba kichwa kilianza kuinama. Lakini nilifikiri juu ya kuanza kazi ya kisomi kwa kumzika mtu anayesoma gazeti hatua chache kutoka hapo, kichwa kikanyanyuka tena, nikasema, “Profesa, kuna jambo lazima nikueleze,” na Mama Ayuma akanikata: “Tuna mgeni kutoka chuo kikuu! Atusalimie.”

Profesa ni muungwana. Alisimama. “Kwa niaba ya idara yetu,” akasema, “natoa pole. Sikubahatika kumjua marehemu, lakini kwa jinsi ninavyomjua Simiyu, naamini alikuwa mtu wa utaratibu.” Watu wakaitikia, “Kabisa.”

Akafuata Mzee Okumu, aliyefanya kazi reli pamoja na Mzee Barasa na ambaye hucheza naye drafti ya vifuniko vya soda kila jioni. Alikohoa, akaegemea fimbo yake.

“Barasa alikuwa rafiki yangu. Mtu wa kusaidia. Mtu wa watu. Lakini tusidanganyane mbele za Mungu. Drafti hakuwa anajua. Hajawahi kunishinda hata siku moja. Zile alizoshinda, nilikuwa namwachilia juu ya urafiki.”

Mlango ukafunguka kwa kishindo.

“Okumu! Rudia hayo maneno!”

Alikuwa amevaa fulana na malapa, gazeti limekunjwa mkononi kama rungu. (Baadaye alikiri kwangu kwamba alisikia hotuba zote tangu mwanzo, na alipendezwa nazo hivi kwamba hakuona haja ya kutoka.) Sijui niieleze vipi sauti iliyotoka kwa watu wale. Viti vilianguka, omena ikamwagika, mama wa mandazi akalikimbilia beseni lake kisha akalikimbia, na safu zangu zilizonyooka zikawa hazina mwanzo wala mwisho. Mama Ayuma peke yake hakukimbia. Aliinua kijiti cha ngoma akapaza sauti, “Shindwa! Shindwa kwa jina la Yesu!”

“Nishindwe na nani?” Mzee Barasa akanguruma. “Na huyu? Leta drafti hapa!”

Katikati ya haya yote Profesa alikuwa amesimama pale pale na sahani aliyokuwa amepewa.

“Simiyu,” akasema polepole. “Huyu ndiye marehemu?”

“Ndiye, Profesa. Nilimtenga ili asichafue data.”

Nilipanda juu ya kiti nikaeleza kila kitu: unga, ulimi, kimya, mboga. Nilipomaliza, hata waliokuwa wamefika kwenye lango la jirani walikuwa wamerudi kusikiliza.

“Hebu ngoja,” akasema Mama Ayuma. “Umechukua tenti ya matanga, uje uonjeshe watu ugali?”

“Tenti ya matanga?”

“Sasa unadhani ni ya nini? Harusi tunakodisha ile nyeupe. Hii haitoki stoo bila mtu kufa! Mtoto wa Komarock wewe, kwani huko kwenu mnazikana namna gani?”

Kicheko kilichofuata kilianzia kwa shangazi. Sikumlaumu. Nilishuka kwenye kiti, nikamgeukia Profesa, na yeye akanijibu kabla sijauliza: “Nafasi niliyokuahidi ilikuwa ya msiba, na msiba sioni.” Alikuwa akijitahidi asicheke, lakini alikuwa akimaanisha.

Basi nikamwomba Mama Ayuma jambo moja: aniruhusu nisimame kanisani kesho yake, baada ya ibada. Akaniambia nitachekwa. Nikamwambia ninajua. Jumapili nikasimama kwa suti ile ile, nikachekwa mpaka mchungaji akaficha uso kwa kitambaa, na kicheko kilipopungua nikawaeleza ninachotafuta na kwa nini, nikawaficha jambo moja pekee: ni unga gani uliokuwa kwenye sahani gani. Walikuja karibu wote. Hatukuweka hema. Waliingia sebuleni kwa shangazi mmoja mmoja, mlango ukifungwa nyuma yao, wakala ugali mkavu wakiwa wanalalamika, wakajibu, wakatokea jikoni, ambako kila mmoja alipewa kabeji ya kujifariji. Profesa alikaa pembeni hadi mshiriki wa mwisho.

Tangu siku hiyo siombi kitu cha mtu, hata kiti, bila kusema ninakipeleka wapi, na watafiti wachanga wanaoniuliza kuhusu kuficha lengo la utafiti huwaambia wafiche, lakini kwanza wajue majirani watajaza nini mahali pale palipofichwa.

Jumatatu niliwasilisha kazi yangu mbele ya kamati, na ikapita. Mzee Barasa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia sebuleni Jumapili ile. Alijifunga macho mwenyewe kwa kitambaa, akaonja A, akaonja B, akatafakari sana, na akachagua ya pakiti akidhani ni ya kusiaga (ameniruhusu niseme hivyo, kwa sharti kwamba niseme pia kuwa alikuwa na mafua). Mzee Okumu aliingia baada yake, akapatia.