Ukuta Uliopakwa Chokaa

Mwaka wa 1979 Kampuni ya Ndege ya Kasigau ilikuwa na ndege tatu, na zote tatu zilikuwa zimechoka. Fundi wao, Phineas Mwandawiro, alikuwa amechoka kuzishinda. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, magoti yanayolia akichuchumaa, na mikono ambayo mkewe Wakesho alisema haijapata kunukia sabuni tangu walipooana. Kila asubuhi alitoka mtaa wa Kaloleni kwa miguu mpaka uwanja wa ndege wa Voi, akafungua banda, akawajulia hali wagonjwa wake.

Ndege hizo zilijulikana kwa rangi za mikia. Nyekundu ilikuwa ya aina yake peke yake. Buluu na Kijani zilikuwa pacha, zimetoka kiwanda kimoja, na hapo ndipo mambo yalipoanzia. Vipuri vilitoka ng'ambo na vilichukua miezi kufika. Watalii wa Tsavo hawangoji miezi. Basi Phineas alizifanya pacha ziazimane. Buluu ikikosa tairi, ilipewa la Kijani. Kijani ikipata safari, ilirudishiwa tairi lake na kuongezwa pampu ya Buluu. Kwao milimani, Wundanyi, majirani huazimana chumvi na majembe bila kuandikiana, lakini Phineas hakuwa mjinga kiasi hicho. Aliandika. Ila aliandika kwa chaki, kwenye ukuta wa nyuma wa banda, kwa sababu vitabu rasmi vya ndege vilifungiwa ofisini na meneja alishinda Mombasa na ufunguo mfukoni. Akipata nafasi, alinakili. Mtu mmoja mwenye kazi ya watu watatu, hiyo nafasi ataipata wapi?

Kampuni ilikuwa na desturi moja ya heshima: fundi aliyesaini kwamba ndege ni nzima alipanda nayo safari ya kwanza. Phineas alikaa kiti cha nyuma kabisa, akavua viatu, akaweka nyayo sakafuni na kusikiliza. Abiria walisinzia. Rubani Ndambuki, Mkamba mwenye mzaha aliyeirusha Buluu miaka kumi na mmoja, alikuwa akigeuka na kumwambia, "Fundi, funga hata jicho moja!" Hata mara moja hakulifunga.

Halafu shangazi yake akafariki, naye akapanda Wundanyi kumzika. Alikaa siku nne. Huku nyuma ikaja habari kwamba meneja mpya anatoka Nairobi, banda lisafishwe. Mlinzi wa banda alifanya kazi kwa moyo wake wote. Alipaka ule ukuta wa nyuma chokaa, akarudia mara ya pili.

Phineas aliporudi aliukuta ukuta mweupe pe. Alikwangua kwa ukucha, chaki ikatoka pamoja na chokaa. Aliketi juu ya debe la oili, akaanza kuyaita kichwani maazimano ya miezi miwili, moja baada ya jingine. Karibu yote yalikuja, isipokuwa propela. Alikuwa amezitoa za ndege zote mbili katika wiki ile ile moja, na mojawapo ilikuwa imebakisha saa chache tu za kuruka kabla ya kutakiwa kwenda kupimwa kama ina ufa. Ipi alikuwa ameirudisha wapi? Namba zilizogongwa juu yake zilikwisha kuliwa na mchanga wa uwanja. Alijilaani kwa Kidawida, lugha ya kwao, kwa sauti, kisha akaweka magogo mbele ya magurudumu ya Buluu na Kijani, zisiruke tena.

Meneja mpya aliitwa Thadeus, kijana wa Taita aliyesomea mambo ya ndege. Hakuwa mtu mbaya. Alizunguka banda mara mbili, akasema, "Mzee, hapa tunafuga magonjwa. Ndege za aina mbili, vipuri vya aina mbili, na fundi ni wewe mmoja. Pacha hizi tutamwuzia mkulima wa Taveta. Nyekundu tutampa muuzaji iwe sehemu ya malipo, tupate moja mpya, injini mbili, viti tisa. Wewe utaenda kozi Nairobi miezi mitatu, urudi uwe fundi wake."

Phineas aliirudia ahadi hiyo kichwani. Ndege mpya, isiyoomba tairi la mwenzake! Jioni alipomweleza Wakesho, mama wa watu aliinuka akaenda kutoa sweta sandukuni, kwa kuwa Nairobi kuna baridi.

"Baba Mable, umengoja sana," alisema.

Ijumaa Thadeus alileta vitabu vya Buluu na Kijani ili visainiwe. Hapo Phineas alimweleza habari ya ukuta.

"Zitolewe propela zote mbili," alisema, "zipelekwe Nairobi zipimwe."

"Hiyo ni miezi miwili. Mkulima anazitaka wiki hii, ama anunue kwingine. Akienda, mpango wako na wangu umekwisha." Thadeus alimsogezea kalamu. "Na desturi si unaijua? Utapanda wewe mwenyewe mpaka Taveta. Unaogopa?"

"Safari ya kwanza siiogopi, Bwana Thadeus. Nitashuka Taveta, nirudi nyumbani. Naogopa ile ya ishirini, wenzangu wako juu na mimi niko hapa Voi nakunywa chai."

"Mzee, saini tu."

Phineas alichukua kalamu. Aliliwazia lile sweta. Kisha, mahali pa sahihi, katika vitabu vyote viwili, aliandika kwa herufi kubwa: SIJUI PROPELA IPI NI IPI. Akaweka jina lake chini.

Mkulima alinunua kwingine. Kampuni ilipata ndege yake mpya hata hivyo, lakini ilichelewa mwaka mzima na ikabidi ishirikiane na kampuni nyingine, ambayo ilikuja na fundi wake, Mwanzia, mtu nadhifu mwenye ovaroli lisilo na doa. Fundi asiyejua propela zake hawezi kupewa ndege mpya; Thadeus alilisema hilo akitazama sakafu. Phineas alipewa funguo za stoo. Wakesho alilirudisha sweta sandukuni, na hilo lilimuuma Phineas kuliko maneno.

Katikati ya hayo ilikuja barua kutoka kwa wapimaji wa Nairobi, ambako hatimaye zile propela zilipelekwa. Propela zote mbili zilikuwa nzima. Hakuna ufa wowote. Phineas aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema, "Vizuri," na akaenda kuhesabu misumari. Nani angemlaumu kama angelia?

Siku ndege mpya ilipopangiwa safari ya kwanza kwenda Taveta, Mwanzia alisaini kitabu, akaelekea kwenye chai yake. Alikotoka desturi ile haikuwapo. Ndambuki aliwasha injini, akangoja, akazizima. Akashuka mpaka stoo.

"Fundi, twende."

"Sikuisaini hiyo, Kapteni."

"Najua. Panda hata hivyo."

Phineas alikaa kiti cha nyuma kabisa, akavua viatu, akaweka nyayo sakafuni. Injini zilivuma kwa sauti moja. Walipita juu ya Mwatate, yeye anatafuta kasoro. Walipita Bura, bado anatafuta. Hakuna kilichogonga, hakuna kilichomwita. Karibu na Maktau kichwa kilimwangukia kifuani.

Ndambuki aligeuka ili amtanie, akamwona amefumba macho yote mawili, viatu viko mapajani. Aligeuka mbele tena, akatua Taveta taratibu kadiri alivyoweza.

"Inasemaje, fundi?" aliuliza abiria walipokwisha kushuka.

Phineas alikuwa akivaa viatu. Aliinamia kamba kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akajifuta macho kwa kiganja.

"Sijui, Kapteni," alisema. "Nililala."