Asteria na Mstari wa Tatu

Siku yangu ya kwanza kufundisha aljebra dhahania chuoni Songea, niliandika ubaoni uthibitisho wa mistari sita, wanafunzi wakanakili hadi nukta ya mwisho. Nikafuta, nikamwita mmoja aurudie. Aliurudia bila kosa. Nilipomuuliza mstari wa pili umetoka wapi, akajibu, "Umetoka ubaoni, mwalimu."

Enzi hizo vyuo vilifunguliwa kama vibanda vya mitumba, na Mkuu wa Idara alitaka watu wafaulu upesi. Mimi mbishi. Nikaweka desturi: anayethibitisha anasimama ubaoni, na kila mstari darasa zima linamuuliza, "Kwa nini?" Walinichukia muhula mmoja, kisha wakawa wanaulizana wenyewe hata kwenye chai kule Msamala.

Kosa lao kubwa lilikuwa kugeuza mpangilio. Katika kundi, yaani seti yenye kanuni ya kuunganisha vitu viwili kupata kingine, xy si lazima iwe sawa na yx. Mahindi unakoboa ndipo unasaga. Jaribu kinyume chake uone.

Asteria, binti wa wakulima wa tumbaku wa Namtumbo, alikuwa akirudia mtihani. Akianguka tena, anaondolewa chuoni. Swali: kila kitu cha kundi kikijizidisha chenyewe kinatoa e, kile kisichobadilisha kingine; thibitisha kwamba xy = yx. Mstari wake wa tatu ulisema xyxy = xxyy. Nikaona kosa lile lile, yx ya katikati imegeuzwa xy, nikakata kwa wino mwekundu: sifuri. Matokeo yakabandikwa.

Alikuja ofisini macho yamevimba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Matokeo yameshatoka, mwanangu."

"Sikuja kuomba maksi. Niulize kwa nini."

Nikamuuliza, kumridhisha tu.

"xy nayo imo kwenye kundi, kwa hiyo xyxy ni e. xx ni e, yy ni e, basi xxyy nayo ni e. Sijageuza kitu, mwalimu. Ondoa x ya mbele na y ya nyuma kila upande, inabaki yx = xy."

Nikachukua karatasi yake. Sababu zote zilikuwa kwenye mistari miwili ya juu, ambayo sikuisoma. Niliona aibu, sifichi.

Nilipompelekea habari, Mkuu wa Idara alikunja uso. "Ukikiri kosa moja, watakuja wote."

"Waje, mkuu."

"Basi andika barua, na kila sentensi iwe na sababu yake."

Nikaandika kwamba nilihukumu bila kusoma. Asteria akarudishwa darasani.

Sasa nimestaafu, nipo Mjimwema, na nasema bila haya kwamba nilifundisha vizuri. Lakini kabla ya Asteria nilikuwa nimesahihisha miaka mingi kwa kasi ile ile. Wengine walisoma ubao wa matokeo, wakafunga mizigo, wakaondoka kimya. Hao sikuwahi kuwauliza kwa nini.