Mafuta ya Baraka kwenye Gitare ya Nyandwi

Nyandwi hajui kutulia. Hata kwenye misa, wakati wa mahubiri, vidole vyake vinatembea juu ya goti kama vinatafuta kitu kilichopotea. Alizaliwa Mutarule, mtoto wa saba kama jina lake linavyosema, akashuka Kalundu, kando ya ziwa, kutafuta kazi bandarini. Mchana anabeba mifuko ya simenti kutoka kwenye mashua mpaka kwenye magari. Jioni anapiga gitare ya solo kwenye kwaya yetu. Gitare ni ya parokia, na mimi ndiye ninayetunza vitu vya kwaya nyumbani kwangu: kanzu, ngoma, bafle ya kutolea sauti, na gitare hiyo. Ndiyo maana habari hii ninaijua vizuri, na ndiyo maana kosa lilikuwa langu.

Wiki moja baada ya Pasaka, pipa la mazutu, mafuta ya injini, lilimbana mkono wa kushoto kwenye ukingo wa mashua. Kidole cha shahada kilivunjika. Alipotoka hospitali kilikuwa kimepona lakini kimepinda, na nguvu ya kubonyeza haikurudi. Na gitare yetu ilikuwa ngumu hata kwa mwenye mkono mzima. Nyuzi zilisimama mbali na ubao, ukibonyeza ni kama unakamua blanketi.

Norbert, mkubwa wa kwaya, hakuficha neno.

"Nyandwi, Pentekoste iko karibu. Jumamosi ya mazoezi ya mwisho, kama gitare hailie vizuri, nitaipatia Protais."

Protais ni kijana wa mjini mwenye vidole kumi vizima, na anajua kwamba anavyo.

"Papa Norbert," Nyandwi akajibu, "kama mukono haiwezi tena kufuata gitare, gitare itafuata mukono."

Kuanzia siku ile nyumba yangu haikuwa na amani. Sikukubali gitare itoke, basi akawa anakuja kwangu kila anapopata nafasi bandarini, na vumbi la simenti kwenye nyusi, anaitandaza juu ya mkeka chini ya paa la jiko. Alileta mfupa wa ng'ombe kutoka kwa wachinjaji. Akauchemsha kwenye sufuria yangu, akausugua kwa tupa siku mbili, akachonga kile kipande kidogo cha juu chenye vijia vya kupitisha nyuzi. Vijia vipya vilikuwa virefu kwenda chini, na nyuzi zikalala karibu na ubao. Lakini zilipolala zikaanza kugonga vile vyuma vya shingo, zizi, zizi, kama inzi kwenye chupa. Akabandika karatasi ya msasa juu ya kipande cha kioo cha dirisha, akavisawazisha vyote mpaka inzi akanyamaza.

Mgongo wa gitare ulikuwa unamchoma mbavu. Akaukwangua kwa kisu, ukaingia ndani kidogo kama kiuno. Kamba ya zamani ilimkata bega, lile lile la kubebea mifuko, akaitupa na kuweka mkanda wa kiti cha gari lililokufa. Mwishowe akafungua mikro, yaani ile sumaku iliyo chini ya nyuzi. Waya wake ulikuwa umekatika ndani, akazungusha mwingine mwembamba kama unywele, aliotoa kwenye radio mbovu. Anahesabu mizunguko kwa sauti. Amefika elfu tatu na kitu, mimi nikatoka ndani nikamsalimia.

"Yezu Maria! Mama Spès, hesabu imepotea!"

Akaufungua wote, akaanza upya. Hakunitukana.

Jumatano akaunganisha kwenye bafle. Sauti ikatoka nene na tamu, na kile kidole kilichopinda kikawa kinagusa tu, hakisukumi. Nilitaka kupiga vigelegele. Halafu akagusa kifungo cha kuongeza sauti. Krrrr! Kama mtu anakanyaga makaa. Akakiacha, ikanyamaza. Akakigusa, krrrr. Na mpiga solo hawezi kuacha kifungo hicho, maana anapunguza padri akisema, anaongeza kwaya ikiitikia.

Alifungua gitare, akafunga, akafungua. Alisema ni waya, akabadilisha waya. Alisema ni unyevu wa ziwa, akaianika juani. Alisema ni moto wa paneli, yaani umeme wa jua wa nyumbani kwangu, akaenda kujaribu kwa jirani. Alipochoka kuketi alitembea kutoka uzio mpaka mlangoni, mlangoni mpaka uzio, na ugali niliompa ukapoa.

Mimi nami sikupata usingizi, sikupata kazi. Niliweka chumvi mara mbili kwenye maharage. Maana nilijua.

Alipokuwa hospitali, tulikutana mama watatu wa shirika, kikundi chetu cha sala, nyumbani kwangu kumwombea. Mmoja akasema mkono wake uko mbali, lakini gitare ambayo mkono unaigusa iko hapa. Tukaona ni neno jema. Nikachukua chupa ya mafuta ya kupikia ambayo padri aliyabariki, nikapaka kila mahali mkono wa Nyandwi unapopita: shingo, nyuzi, na kile kifungo. Kwenye kifungo nilimimina kabisa, kwa imani. Asubuhi nikapangusa juu, sikufikiri kwamba ndani kuna kitu.

Siku zile nilijiambia mafuta ya baraka hayawezi kuharibu kazi ya mtu. Nilisali rozari juu ya neno hilo na halikutulia.

Ijumaa mchana Nyandwi akashika kifungo, akanusa vidole vyake.

"Mama Spès, hapa iko inateleza. Nani aligusa?"

Nilikuwa napepeta mchele. Nikauweka chini, nikamwambia yote. Akafungua kifungo, akatazama tope jeusi la mafuta na vumbi ndani yake.

"Mama, muliombea kidole ao muliombea gitare?"

"Kidole, mwanangu."

"Sasa mbona kidole hamukupaka?"

"Weye ulikuwa hospitali."

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu kicheko kikakatika. "Inaomba kuoshwa na alkoli. Esansi ya gari itakula plastiki." Nilikwenda kwenye famasi mbili, alkoli imeisha. Niliporudi akasema bila kunitazama, "Basi ni kanyanga, ile pombe kali. Lakini minye siwezi kuonekana kule wanakoiuza. Norbert atasema mukono umevunjika, sasa nimeanza kunywa."

Nikajifunga kitenge, nikaenda mwenyewe, mchana, kwa Generose anayeuza nyuma ya mahali wanaposhushia samaki.

"Eh! Mama wa shirika!" Generose akapiga makofi. "Roho ameshuka mbele ya Pentekoste?"

"Ni ya kuosha gitare."

"Wote wanasemaka hivyo. Jana mumoja alisema ni ya kuosha kidonda, na kidonda kilikuwa kwenye koo."

Nilipita katikati ya wauza ndagala na ile chupa chini ya kitenge, nikiona kila jicho linanitazama mimi. Nyandwi akaosha kifungo mara tatu, akakikausha juani siku iliyofuata mpaka saa za mazoezi. Hakukuwa na wakati wa kujaribu.

Kanisani alipopita karibu na Norbert, Norbert akainua pua.

"Kanyanga. Nyandwi, umekunywa!"

"Minye sikukunywa kitu, Papa. Ni gitare."

"Gitare imekunywa?" Waimbaji wa sauti ya pili wote wakacheka. Norbert hakucheka. "Leta hapa. Protais, kuya ushike."

Protais alikwisha kunyoosha mkono. Nyandwi alikuwa anavua ule mkanda begani, polepole, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mama wakubwa. Kumwambia Nyandwi peke yake kulikuwa kwepesi. Nikasimama hata hivyo.

"Kanyanga nilinunua mimi. Kwa Generose, muende mumuulize. Na aliyechafua gitare ni mimi, kwa mafuta. Yeye ametengeneza tu."

Nikaeleza yote mbele ya kwaya nzima, hata habari ya chupa chini ya kitenge. Norbert akatazama viatu vyake, akamwambia Nyandwi, "Basi piga."

Akageuza kifungo. Kimya. Akakigeuza tena, mbele na nyuma, kimya safi, halafu akaingia kwenye wimbo wa mwanzo. Kidole chake kilichopinda kilitembea juu ya nyuzi kama hakikumbuki pipa. Protais akachukua ngoma bila kuambiwa.

Pentekoste alipiga yeye. Tangu hapo nikipita karibu na samaki, Generose ananiita kwa sauti, "Kliyanti wangu!", kama mteja wake wa kila siku, na mimi ninaitika, nifanye nini. Jana nimemkuta Nyandwi tena chini ya paa la jiko, gitare imefunguliwa, anasema uzi wa tatu hauridhishi. Nimemwachia sufuria ya kuchemshia mfupa. Kidole chake ninakiombea kila siku, na mafuta ninampaka kwenye kidole chenyewe, akikubali kukaa.