Mawaridi Laini ya Bertila

Bertila alikuwa amechoka, na uchovu wake haukuwa ule wa kulala ukaamka umekwisha. Tangu vita vya Hitla vilipoanza na sista Mjerumani wa misheni ya Yakobi, Njombe, akaondolewa, ni yeye aliyepamba altare kila Jumapili. Sista alimwachia mawaridi mekundu nyuma ya kanisa na kumwambia, "Yatunze mpaka nirudi." Hakurudi. Vita vikaisha, Waingereza wakaendelea kutawala, watoto aliowaona wakibatizwa wakapata kipaimara na wengine wakaoa, na Bertila bado aliinama kwenye baridi ya Jumamosi asubuhi kukata maua yenye miiba kama kucha za paka.

Kidole chake cha shahada kilitunga usaha mara nyingi hata kikapinda, na sasa hakikunyooka tena. Akimenya viazi kinauma, akishika jembe kinauma zaidi. Magoti nayo yalikuwa na malalamiko yao. Alitaka jambo moja tu: mwanamke mwingine ayachukue maua yale, naye akae benchi la nyuma aimbe kama watu wengine kabla nguvu hazijamwishia.

Jicho lake lilikuwa kwa Telesia, mke wa mwanawe Efraimu, binti aliyetoka Matamba, mwenye mikono myepesi. Kila Jumamosi Telesia alimpokea ndoo, akamchotea maji, kisha akasimama kando mikono nyuma. Ua hakuligusa. Bertila akajipa jibu mwenyewe: huyu anaogopa miiba, na nani asiyeiogopa? Kumwomba hakumwomba. Wanawake wa rika lake wangekufa wima kuliko kutamka kwamba kazi imewashinda.

Basi akaamua kutafuta mawaridi yasiyochoma. Wenzake wa kanisani walimcheka. "Mama Efraimu, hakuna waridi lisilo na miiba. Hata methali inasema."

"Aliyeitunga methali hajafika Makambako," aliwajibu.

Makambako, njia panda malori yaliposimama kupumzika, binamu yake Nahumu alitunza bustani ya hoteli ya Mgiriki mmoja. Bertila alipanda lori, juu ya magunia ya pareto, akafika amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Nahumu hakumpa hata nafasi ya kunywa chai.

"Dada, usiangalie ua kwanza," alimwambia. "Ua hudanganya. Pitisha kidole kwenye shina, kuanzia juu kwenda chini."

Akapitisha kidole kile kibovu. La kwanza, la rangi ya waridi iliyokolea, lilikuwa laini kama bua la boga lililomenywa, na harufu yake ilimfanya afumbe macho. Nahumu alimwonya kwamba lile hupenda kuugua. Bertila hakusikia la mtu. Alivifunga vijiti vyake kwenye majani ya mgomba mabichi, akarudi navyo, akapanda. Vilichipua vizuri. Ukungu wa Njombe ulipotua, majani yakaota unga mweupe, yakajikunja na kupukutika.

Mwaka uliofuata alifuata la pili, la njano, vishada vidogo vidogo, shina halina mwiba hata mmoja. Hilo lilipanda mpaka kwenye dirisha la kanisa. Halafu mbuzi wa mzee Anania wakaligundua. Miiba aliyoilaani miaka yote kumbe ndiyo iliyokuwa uzio. Walilila mpaka kwenye udongo, wakasimama pale wakicheua kama wazee wa baraza.

"Mchagua jembe si mkulima, dada," Nahumu alimtania alipomwona akishuka tena kwenye lori. Bertila hakuwa na nguvu za kucheka. Alichukua la tatu, jeupe lenye wekundu kidogo katikati, lenye miiba midogo michache ya kukwaruza mbuzi pua bila kumjeruhi mtu. Akalitunza miaka miwili, akilifunika kwa nyasi wakati wa umande wa kuganda.

Jumamosi moja, lilipochanua vya kutosha altare, alimwita Telesia.

"Pitisha mkono hapa."

Telesia akapitisha. "Laini, Mama."

"Basi?"

"Basi nini, Mama?"

"Basi kata wewe. Nimesafiri mara tatu juu ya magunia kukutafutia maua yasiyochoma, nawe bado umeweka mikono nyuma."

Telesia akainamisha kichwa. "Mama, mimi miiba siiogopi. Nyumbani Matamba nilikuwa nakata miiba ya kuzungushia zizi, mikono mitupu. Ila tulifundishwa kwamba mzee akiwa bado ameshika jembe lake, hanyang'anywi. Ukimpokea kabla hajakupa, ni kama kumwambia siku zake zimekwisha. Nilikuwa nangoja useme."

"Tangu ulipoolewa?"

"Tangu Jumamosi ya kwanza, Mama."

Bertila akajikalisha kwenye ngazi ya kanisa. Hasira zilimpanda, akatafuta wa kumtupia asimpate. Binti alikuwa na adabu, na adabu hiyohiyo ndiyo angemfundisha binti yake mwenyewe kama Mungu angempa. Akamnyooshea kisu, mpini mbele.

"Nimechoka, mwanangu," alisema. "Nimechoka sana."

Telesia akapiga magoti, akakipokea kwa mikono miwili, akaenda kukata. Bertila akabaki kwenye ngazi akilia, akiililia miaka ambayo maneno mawili yangetosha kuiokoa.