Nilipoliliwa Ukweni Nikiwa Hai

Jamani, hii habari niliwaficha watoto wangu mpaka wakawa wakubwa, lakini nikipita Sola, kijiji cha ukweni, hata leo wapo wazee wanaoniita Marehemu, na wananisalimia kabisa kwa heshima, "Mwadila, Marehemu," nami naitika, nitafanyaje, kosa lilikuwa langu na shahidi ni kijiji kizima.

Ilikuwa miaka ile biashara ya pamba ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia kwa fujo, na mimi Maduhu nikapata kazi ya kupima pamba kwa mmoja wao hapo Bariadi. Kazi yenyewe ilikuwa vita. Ushirika uko huku, sisi tuko kule, mkulima katikati haamini mzani wa yeyote, na bosi anafoka kutwa. Nikawa nalala nimechoka, naamka nimechoka zaidi, taya zinauma, kichwa kinagonga hapa kwenye panda la uso, na chai ya moto ikigusa meno naruka. Nikajua ni malaria (kwetu kila kitu kwanza ni malaria), nikameza dawa, wapi! Asubuhi moja Juma, niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja, akaniambia huku anapiga mswaki, "Maduhu, kumbe unasaga meno ukilala. Wiki nzima mimi namtafuta panya anayekula sanduku langu la bati."

Nilicheka, ila moyoni niliogopa sana. Bibi yangu alikuwa akisema mtoto akisaga meno ni minyoo, lakini mtu mzima akisaga, hapo alishusha sauti, huyo anatafuna watu usiku. Na mimi ndio kwanza nilikuwa nachumbia! Binti anaitwa Kabula, wa hapo Sola, tulijuana alipoleta pamba ya baba yake akanibishia mzani wangu mbele ya foleni nzima, na alikuwa na haki. Nilimpenda tangu siku ile. Nikaapa jambo la meno hatalijua, wala yeye wala mtu wa kwao.

Siku ya kwenda kuzungumza ng'ombe wa mahari ikafika. Msemaji wetu alikuwa baba yangu mdogo Ngassa, mtu wa maneno mengi na miguu myepesi (hiyo miguu mtaiona). Tuliondoka na baiskeli alfajiri, na mimi kwa wasiwasi sikuwa nimepata hata lepe la usingizi. Tulipokewa vizuri, tukala ugali na kuku, lakini mjomba wa binti, ambaye bila yeye mazungumzo hayaanzi, alikuwa amekwenda Ipililo kufuatilia ng'ombe aliyepotea. Tukaambiwa tupumzike mpaka arudi. Pale kivulini wakatandika mikeka miwili, mmoja wa baba mdogo, mmoja wangu, na wazee wa ukoo wamekaa hatua tatu tu wanapiga soga.

Sasa hapo ndipo akili yangu ilipoamua kunisaidia. Nikaona nikisinzia hapa, ugali huu na jua hili, wazee watasikia meno yanavyofanya kazi, na ndoa itakufa mchana kweupe. Nikajifanya nakwenda kujisaidia, nikazunguka nyuma, nikaingia kwenye chumba walichohifadhia pamba inayosubiri kuuzwa. Lundo lilifika karibu na dari, laini, linakuita. Nikapanda, nikajilaza chali. Nzi wakaanza kunisumbua, nikajifunika mpaka shingoni shuka yangu nyeupe niliyokuwa nimejitupia begani. Halafu (hapa ndipo ninapoona aibu mpaka leo) nikachuma pamba, nikatoa mbegu, nikaviringisha mabonge mawili, nikayabana kwenye magego, huku moja na huku moja. Nikajisifu kabisa. Wewe Maduhu, nikasema, umeyakomesha.

Nikalala kama gunia.

Wakati huo mama yake Kabula alikuwa anatafuta ungo wa kupepetea mchele, na ungo ulikuwa kwenye chumba kile. Akafungua mlango. Akaona mtu amenyooka juu ya pamba, shuka nyeupe mpaka shingoni, mdomo wazi, pamba zimechomoza pande zote mbili, na nyuzi nyingine zimenikaa puani. Ninyi mmewahi kuona maiti aliyeandaliwa, sihitaji kueleza. Mwanamke mwingine angesogea akanigusa, akasikia pumzi, yangeishia hapo. Lakini mimi nilikuwa mkwilima wake, yaani mkwe, na kwetu mama mkwe na mkwilima hata kukutana njiani ni mwiko, sembuse kumshika kifua! Basi mama wa watu akafanya lililobaki. Akaurudisha mlango, akapiga mwano.

Mwano ni yowe letu la hatari, na likipigwa hakuna anayeuliza, kila mwanaume anakamata alichonacho anakimbia. Walikuja sungusungu na pinde, wakaja watu kutoka mashambani na majembe, wakaja wanawake mikono kichwani wameshaanza kulia kabla hawajajua wanamlilia nani. Baba mdogo aliposikia ni mimi akajibwaga chini mlangoni, "Mayu wane, mama yangu! Nitamwambia nini kaka yangu!" Wazee wakasema asiingie mtu mpaka ndugu zangu wafike, na kijana mmoja akapewa baiskeli yangu mimi mwenyewe apeleke habari za kifo changu Bariadi.

Mimi nikaamshwa na vilio. Kwa akili ya usingizini nikajua kuna msiba ukweni, nikawaza huenda mama Kabula amefariki, na adabu inataka mkwe awe wa kwanza kutoa pole. Nikainuka wima na shuka yangu, nikafungua mlango, nikasema "Poleni sana," ila kwa zile pamba ikatoka "Mmmho-ho-ho." Loo! Kulikuwa na sungusungu mmoja mkubwa hivi, aliupita ua wa minyaa bila kutafuta lango. Aliyemtangulia ni baba mdogo Ngassa.

Waliporudi, taratibu, pinde mbele, mkuu wa sungusungu akauliza, "Wewe ni mtu au nini?" Nikatema pamba nikasema ni mtu. "Sasa pamba mdomoni za nini?" Nikadanganya, jino linauma. Kumbe fundi chuma wa kijiji alikuwepo, akasogea na koleo lake (alikuja nalo kama silaha), akasema kwa upole, "Fungua, ng'wanone, mwanangu. Ni lipi?"

Nikamwona Kabula amesimama pembeni, macho yamevimba. Alikuwa amenililia kweli. Nikaona bora anikatae akijua ukweli kuliko aolewe na uongo wangu. Nikasema kwa sauti, "Sina jino bovu. Ninasaga meno nikilala. Niliogopa mtanisikia mkaninyima Kabula."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniogopesha. Baba yake Kabula, mzee Shigela, aliangalia chini tu. Halafu nyuma ya mlango wa nyumba kubwa, alikojificha asinione, mama mkwe akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. "Mayu wane! Yaani ni hilo tu? Shigela, fungua mdomo wako watu waone! Mimi nimezaa watoto saba kando ya jiwe la kusagia!" Mzee akagoma kidogo, kisha akafungua. Magego yake yalikuwa yameisha, tambarare kama sakafu. Akasema, "Na mimi taya zinaniuma kila asubuhi. Nilidhani ni uzee."

Yule kijana wa baiskeli akakimbiziwa akarudishwa njiani, mjomba akafika jioni, ng'ombe wakazungumzwa, lakini Kabula aliweka sharti lake: kwanza hospitali, na baba aende pia. Basi wiki iliyofuata mkwe na mkwilima tukapanga foleni moja, aibu nyingine hiyo. Daktari akatutazama magego, akatubonyeza taya, akasema si uchawi na tusiwasingizie minyoo, wengi husaga kwa sababu ya mawazo, na pombe, tumbaku na chai kali za usiku huchochea. Akatufundisha mchana midomo ifungwe lakini meno yasigusane, kabla ya kulala tukande taya kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na kama hali haipungui zipo kinga za kuvaa menoni, zinatengenezwa kwa kipimo cha mdomo wako. Tena akanionya, pamba ile ingeweza kunikaba nikafa kweli. Hapo mzee Shigela akanigeukia akasema, "Na machozi tulikuwa tumeshayamaliza."

Sikupona kwa siku moja. Ila niliacha chai ya usiku, nikaacha kubeba mzani wa bosi mpaka kitandani, na kichwa kikanyamaza. Msimu wa pamba ukipamba moto meno hurudia, na Kabula hunigusa shavu tu, "Legeza, baba," nami nalegeza, tunalala. Hata mama mkwe siku hizi hutuma salamu za kuuliza magego yangu yanaendeleaje. Pamba nimeendelea kuipima miaka mingi, lakini kuitia mdomoni, tena kwa kuficha kitu ukweni, nimekoma, maana mtu huliliwa mara moja tu na mimi ya kwangu nimeshaitumia.