Lothar Avua Sare ya Mgambo

Lothar Kietz, fundi vyuma wa Leipzig, Ujerumani Mashariki, alikuwa amechoshwa na mgambo wa kiwandani. Kila Jumamosi alitambaa matopeni, eti analinda serikali ya wafanyakazi. Oktoba ya 1989 kamanda akawaamuru wakawazuie mjini waandamanaji walioipinga serikali.

"Mke wangu Rosel yumo humo," Lothar alisema.

"Amri ni amri, komredi."

"Basi nenda wewe ukampige! Miaka yote mmenigaragaza matopeni mkisema adui atatoka nje. Kumbe adui ndiye anayenipikia viazi?"

Akavua sare, akamtupia kamanda, akatoka na fulana tu kwenye baridi. Chama cha kikomunisti kilichotawala kikamfukuza uanachama. Rosel naye hakumpongeza.

"Ungekataa zamani, mwanamume wewe," alifoka, "Jumamosi zote hizo ungekuwa unaziba paa letu, lisingevuja!"