Mpira wa Chini ya Mtumbwi

Nichekeni polepole, maana mke wangu bado hajamaliza zamu yake ya kunicheka.

Wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wakiingia kila siku. Mtumbwi wangu nilikuwa nimeupindua kifudifudi uani, hapa Bangwe kando ya ziwa, kwa kuwa mpira wa tairi unaolinda mbao tunapouburuta mchangani ulikuwa umelika. Kuubadilisha ni kazi ya watu wawili: mmoja hupigilia nje, mwenzake hukunja ncha za misumari ndani. Mimi nikajitia fundi wa peke yangu.

Asubuhi nikapigilia msumari wa kwanza. Ndani kukajibu ko, ko. Nikajua ni mwangwi, mbao bado nzima! Kila msumari ulijibiwa, nami nikausifu mkono wangu kwa sauti.

Mke wangu akaja na bakuli la uji. Nikanyoosha mkono. Akanipita, akainama, akalisukuma chini ya mtumbwi.

"Mgeni wetu," akasema. "Mvua ya jana usiku ilimkuta njiani, akajibanza humu."

Sauti ya mwanamke ikatoka humo: "Urakoze, mama, asante. Baba, misumari yote sita nimeikunja kwa jiwe, isimchome mtoto. Kama upo mwingine, piga taratibu. Ndiyo kwanza amelala."